Pambio Ndani ya Dakika Nne: Maoni Kuhusu Studio Moja ya Mwanjelwa

Sisi akina mama sita wa kwaya tulirekodi nyimbo tatu katika studio ndogo iliyo juu ya maduka ya vitenge, karibu na soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, na kwa kuwa wengi wameniuliza kama inafaa, nimeona nieleze. Vyombo ni vizuri, chumba kimezibwa vya kutosha, na bei haikubadilika kutoka ile tuliyopatana.

Kinachohitaji maelezo ni namna fundi anavyouelewa uimbaji wetu. Pambio huanzishwa na kiongozi, wenzake wakalipokea, na maneno huongezwa papo hapo kadiri anavyosukumwa na sala. Urefu wake haujulikani mpaka waabudu wenyewe watosheke. Humo ndimo wanawake wengi wa huku wanamojifunzia kutunga, katika ibada za nyumbani, misibani na kwenye mikesha, bila daftari wala mwalimu, na ndiyo maana tungo zao husimama juu ya marudio na ushuhuda. Fundi alituwekea biti ya dakika nne, akatuomba tuimbe mmoja mmoja tukiwa tumevaa hedifoni. Kiongozi wetu, ambaye kanisani sauti yake hutikisa mabati, aliimba kama anayesoma matangazo ya Jumapili.

Siku ya pili tulimwomba atuache tusimame pamoja, kinanda kitufuate sisi. Hapo nampa sifa, kwa sababu hakubisha wala hakuongeza bei. Mama yule kiongozi aliingiza mstari wa Kinyakyusa aliourithi kwa bibi yake, ambao hatukuwahi kuufanyia mazoezi, nasi tukaupokea kwa sauti nne hadi wimbo ukafika dakika saba. Hata Aretha Franklin, binti wa mchungaji wa Detroit, alipokuwa tayari nyota wa muziki wa kidunia, aliingia katika kanisa la Kibaptisti mjini Los Angeles mnamo Januari 1972 kurekodi injili huku waumini wakimwitikia, na wimbo mmojawapo ulizidi dakika kumi.

Lawama yangu ni kwenye uchanganyaji wa sauti. Kazi ilipotufikia, wimbo ulikuwa umekatwa ukabaki dakika nne, mstari wa Kinyakyusa haumo, na mtetemo wa sauti ya mama umenyooshwa kwa mashine, eti redio hazipigi nyimbo ndefu. Kubana wimbo si jambo geni: Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, aliporekodi Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika tatu tu. Ila mwenye kuchagua kinachobaki awe mtunzi.

Tuliporudi kulalamika, fundi alitupatia faili zote mbili, ya wimbo mzima na ya uliokatwa, bila malipo ya ziada. Atakayekwenda adai hilo kabla ya kulipa, na aepuke Jumamosi, kwani cherehani za ghorofa ya chini husikika hadi kwenye maikrofoni.