Watchtower kwenye seva ndogo: inasasisha, inafagia, lakini uiwekee mipaka

Kilichonipeleka kwa Watchtower, programu inayosasisha programu nyingine zinazoendeshwa kwa Docker, ni diski. Seva yangu ni ya kukodi, ya bei ya chini, GB 25 tu. Kwenye Docker (mfumo unaoendesha kila programu ndani ya kontena, yaani boksi lake lililotengwa), ukivuta toleo jipya la programu, imeji ya zamani (kifurushi ambacho kontena huwashwa kutokana nacho) haiondoki. Inapoteza jina tu na kuendelea kukalia nafasi. Imeji ya Nextcloud (programu ya kuhifadhi mafaili) peke yake hupita GB 1 ikishafunguliwa, kwa hiyo masasisho machache tu yanatosha kuijaza seva kama yangu.

Watchtower yenyewe ni kontena. Unaikabidhi soketi ya Docker, mlango wa kuipa Docker amri (yaani unaipa mamlaka juu ya mashine nzima, hilo ulijue mapema), nayo huangalia kila baada ya saa 24 kama tegi unazotumia (majina ya matoleo ya imeji) zina imeji mpya. Ikiikuta, inaivuta, inazima kontena la zamani na kuwasha jipya kwa mipangilio ileile. Kufuta imeji iliyoachwa si kazi yake mpaka uiambie kwa --cleanup. Na hata hapo inafuta ile iliyoibadilisha yenyewe tu. Mabaki ya majaribio yako ya zamani utayaondoa kwa amri ya docker image prune -a.

Ratiba nayo ina mtego. Inatumia sehemu sita, ya kwanza ikiwa sekunde, tofauti na cron (kipanga ratiba cha Linux) tuliyoizoea. Usipoweka TZ (mpangilio wa saa za eneo) inafuata saa za UTC, na 03:00 ya huko ni saa kumi na mbili asubuhi kwetu, wakati watu wameshaanza kufungua mifumo. Weka Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi, yaishe.

Kwa programu zisizobeba data, naipa alama zote. Hifadhidata ni habari nyingine. Mwenye postgres:latest (hifadhidata ya PostgreSQL kwa tegi ya latest, inayofuata toleo jipya kabisa) anaweza kulala na toleo la 17 akaamka na la 18, na data iliyoandikwa na 17 haifunguki kwenye 18 bila kuhamishwa. Andika postgres:17, upate marekebisho ya 17 tu, au zuia kontena hilo kabisa kwa lebo ya com.centurylinklabs.watchtower.enable=false. Kumbuka pia kwamba ukitumia latest pamoja na --cleanup, toleo jipya likigoma huna imeji ya kurudia, na pengine hata hujui ulikuwa kwenye namba gani.

Kwa anayeanza leo siipendekezi tena, na sababu si ubora wake. Hifadhi ya msimbo wake kwenye GitHub ilifungwa mwishoni mwa 2025, imebaki ya kusomwa tu. Docker 29 nayo ilikataa toleo la zamani la API (lugha ya programu kuzungumza na Docker) ambalo Watchtower inatumia; inabidi uongeze DOCKER_API_VERSION=1.44 ndipo izungumze.

Seva mpya nimeipa Diun, ambayo kazi yake ni kukupa taarifa tu kwamba kuna imeji mpya. Kuvuta navuta mwenyewe kwa docker compose pull na up -d, namba ya toleo ikiwa imeandikwa kwenye faili, kisha prune. Ukitaka kuipunguza makali prune kwa kichujio cha until, angalia: kinahesabu tangu imeji ilipotengenezwa, si tangu ulipoivuta. Imeji iliyotengenezwa miezi mitatu iliyopita, uliyoiacha jana, itafutwa hata ukiandika until=168h (siku saba).