TAHADHARI: Kishoka (wakili feki) anayezunguka wodi za majeruhi Dodoma

Ndugu zangu wa Dodoma, Chamwino, Bahi na jirani, kama una mgonjwa wa ajali ya kazini, soma hii kabla hujamkabidhi mtu karatasi yoyote.

Mdogo wangu alikuwa kibarua kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Mashine ilimvuta mkono wa kulia ikausaga kuanzia vidole hadi juu ya kiwiko cha mkono. Siku ya tatu, vidole viwili vimeshakatwa na hatujui kama mkono wenyewe utapona, akaja wodini kaka mmoja nadhifu, ana mkoba na muhuri, akasema ni wakili. Mama akamwita mwanangu, akampa kiti. Alikuwa anajua mpaka jina la kiwanda, na hadi leo najiuliza nani alimpa habari.

Akatuambia fidia haipungui milioni 50, ila tumpe 350,000 ya kufungua faili. Tukauza mbuzi wanne. Akabeba PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), picha za eksirei na karatasi za upasuaji, zote halisi, hata nakala hatukubaki nayo. Mdogo wangu akawekeshwa dole gumba la kushoto kwenye karatasi mbili, moja ikiwa tupu kabisa. Baada ya wiki sita simu yake haipatikani. Tulipokwenda kiwandani tukaonyeshwa ile karatasi tupu, sasa imeandikwa kwamba tumepokea 600,000 na hatuna madai mengine. Hiyo pesa hatujaiona.

Kilichoniuma zaidi ni mashine. Siku ya ajali haikuwa na kizuizi mbele ya roli, wenzake wote wanajua. Siku tunafika, imefungwa kizuizi kipya na kupakwa rangi. Wakati ule tulikuwa tunamsubiri wakili, hakuna aliyepiga hata picha moja. Basi wewe piga mapema, mashine nzima na pale alipokuwa amesimama, na umwombe mwenzake wa zamu aandike alichokiona angali anakumbuka. Kidonda nacho kipigwe picha kila kinapofungwa upya. PF3 itolewe nakala kabla ya kurudishwa polisi.

Kibarua asiye na mkataba asikate tamaa. Sisi ushahidi wa ajira tuliupata kwenye simu ya mdogo wangu: meseji za miamala ya malipo ya kila Jumamosi. Msizifute. Zina uzito kwa sababu fidia inakokotolewa kwa mshahara na asilimia ya ulemavu. Ndiyo maana anayekutajia milioni 50 wakati kidonda bado kibichi anakudanganya. Ulemavu wa kudumu daktari anaupima matibabu yakishafika mwisho wake. Ukiwa asilimia 30 au chini, unalipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi.

Haya nilielezwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na sikuombwa hata shilingi. Anayechangia Mfuko ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali, lakini asipotoa usikae kumngoja, nenda mwenyewe, kwa sababu dai lina miezi 12 tangu siku ya ajali. Sisi tulifika mwezi wa tisa tangu ajali. Hospitali ilikuwa na kumbukumbu za upasuaji na picha kwenye kompyuta, wakatutolea upya, Mungu awabariki.

Mtu akikwambia ni wakili, chukua jina lake kamili ulitafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Mimi nilimtafuta wa kwetu nikiwa nimeshachelewa, na jina lake halimo. Asiye na uwezo wa kulipa wakili aulizie msaada wa kisheria ofisi ya ustawi wa jamii. Sheria ya mwaka 2017 inataka utolewe bure.

Mtu huyu ni mrefu, mweupe kidogo, ana pengo la jino la juu, huja jioni saa ya kuona wagonjwa na huanza na wazee. Tumeshafungua jalada polisi. Kama na ninyi alichukua karatasi zenu au aliwawekesha dole gumba, tafadhali niandikieni inbox, mpelelezi anahitaji mashahidi wengine.