Nimemuita bibi afya wa jiji kwa ajili ya maji ya bomba, haya ndo niliyoyaona

Nawapa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoikata nitaieleza mbele, ila nianze kwa kusema kwamba bila idara ya afya ya jiji watoto wa ghorofa ya chini kwetu wangeumia zaidi ya walivyoumia.

Ilikuwa hivi. Jengo letu lina tenki la chini ya ardhi, maji yanatoka bomba la jiji yanaingia humo alafu pampu inayapandisha juu. Mvua zilinyesha wiki nzima, maji yakaanza kunuka, si harufu kali, ni kama tope hivi, na ndani ya siku chache nyumba tano watoto wanaharisha. Huyu anasema ni chakula, yule anasema meno yanaota, kila mtu na lake. Mi nikaamua kupiga simu idara ya afya, kitengo cha afya ya mazingira. Siku ya kwanza simu iliita mpaka ikakata mara nne. Siku ya pili nikapata mtu, akaniuliza maswali mengi na kuandika, na kesho yake asubuhi bibi afya akaja na kijana amebeba boksi la barafu.

Nilidhani ataenda moja kwa moja kwenye maji, wapi, alianza na watu. "Dada, nani alianza kuumwa, lini, na anakaa ghorofa ya ngapi? Wanaokunywa ya kuchemsha nao wanaumwa?" Akapita mlango kwa mlango akichora jengo kwenye daftari na kuweka alama kila nyumba yenye mgonjwa. Nikamuuliza kwa nini asipime tu, akasema ugonjwa ukiuweka kwenye ramani unakuonyesha ulikotoka, na akanikumbusha daktari John Snow wa London mwaka 1854, aliyefuatilia vifo vya kipindupindu nyumba kwa nyumba mpaka akafika kwenye pampu moja ya maji Broad Street, mpini wa pampu ukaondolewa, na wakati huo hata bakteria wa kipindupindu walikuwa bado hawajakubalika kuwa ndo chanzo. Kwetu wagonjwa wote walikuwa wanakunywa maji ya tenki bila kuchemsha. Waliochemsha wazima.

Hapo ndo akaingia kwenye maji, na sehemu hii nimeipenda sana. Alichota maji ya bomba la barabarani, kabla hayajaingia kwetu, akatia kidonge kidogo kwenye kichupa, yakageuka pinki. Maana yake klorini, ile dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye maji, bado imo. Akachota ya bomba letu la jikoni, akatia kidonge kilekile, yakabaki meupe kabisa. Hamna klorini hata chembe. Kwenye bomba la mtumiaji inatakiwa ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita, na ikiisha yote katikati ya safari basi kuna uchafu umeila, au maji yamekaa muda mrefu mno. Kwa hiyo kwa dakika chache tu, kabla ya maabara, tukajua jiji limeleta maji mazima na yameharibikia kwenye tenki letu. Mi ningelaumu mamlaka ya maji mpaka leo.

Sampuli ya maabara nayo ina utaratibu wake. Alifuta mdomo wa bomba, akaupitishia moto, akaacha maji yatiririke kwanza, ndo akajaza chupa safi isiyo na vijidudu bila kugusa mdomo wake. Ndani ya chupa kuna dawa ya kuua klorini, maana klorini ikiwepo itaendelea kuua bakteria njiani na majibu yatadanganya. Ikaingia kwenye barafu na kupelekwa siku hiyohiyo. Maabara wanawaotesha bakteria kwenye joto la nyuzi 44 usiku kucha, kwa hiyo majibu hayawezi kutoka papo hapo, tusiwagombeze kwa hilo. Kiwango cha bakteria wa kinyesi kwenye maji ya kunywa ni sifuri kwa kila mililita 100. Ya kwetu walikuwemo.

Tenki likatolewa maji na ufa ukaonekana, upande uleule ilipo chemba ya majitaka. Mvua ilijaza udongo, majitaka yakapenya. Mwenye nyumba alipewa notisi ya maandishi yenye siku za kutengeneza, na hapa ndo nguvu ya idara inapoonekana, sababu wapangaji tulikuwa tumelalamikia lile tenki muda mrefu bila kusikilizwa. Notisi ya jiji ilisikilizwa wiki ileile.

Alafu mama wa watu hakuondoka. Akaona rangi ya zamani inabanduka ukutani kwenye ngazi, pale watoto wanapochezea, akasema rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi na mtoto akila vumbi lake mwili wake unafyonza mara nne mpaka tano zaidi ya mtu mzima, inaingia kwenye ubongo na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Na akasisitiza kitu ambacho naomba kila mtu akishike: kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi risasi, maji yakipungua kwenye sufuria risasi inabaki palepale. Akaona na jenereta lililowekwa chini ya dirisha la mtu, akaagiza lihamishwe siku hiyo, maana hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, mtu analala haamki. Matairi yenye maji na viluwiluwi aliyamwaga mwenyewe. Hayo yote sikuwa nimeyaripoti.

Sasa nyota niliyokata. Majibu ya maabara alipewa mwenye nyumba peke yake, sisi tunaokunywa tukasubiri siku mbili mpaka nilipoenda ofisini kuyaomba. Siku mbili, na watu wanakunywa! Hili linaniuma kwa sababu tunajua kinachotokea watu wasipoambiwa. Flint kule Marekani walibadilisha chanzo cha maji mwaka 2014, maji ya mto yakala mabomba ya zamani na risasi ikaingia majumbani, wakazi wakalalamika rangi na harufu, wakaambiwa maji ni salama, mpaka mwaka 2015 watafiti na daktari wa watoto walipoonyesha vipimo vya maji na damu. Karatasi moja tu ikibandikwa mlangoni yenye majibu na maneno "chemsha mpaka yatokote" ingetosha kwetu. Na simu ipokelewe wikiendi, uchafu hauna wikiendi.

Ukiwapigia, usiseme tu maji mabaya. Sema yalianza lini, baada ya nini, yananuka nini, nyumba ngapi zinaumwa, na kama bomba la jirani nalo liko hivyo. Nilivyosema hivyo ndo walikuja haraka.

Juzi amerudi kupima upya, tenki limezibwa na kusafishwa kwa klorini. Watoto wote wa ghorofa ya chini walikusanyika jikoni kwangu kuangalia kidonge kikiyeyuka, na kichupa kikawa pinki.