Dawa ya Jeli ya Kutoa Rangi kwenye Chuma: Uzoefu Wangu na Kitanda cha Bibi

Kitanda cha chuma alichotuachia bibi kimepakwa rangi mara tano. Nilizihesabu siku nilipokwangua sehemu ndogo ya mguu wake kwa ncha ya kisu: nyeupe juu, halafu krimu, halafu buluu iliyofifia, halafu kijani kizito, na chini kabisa, iliyong'ang'ania chuma, rangi ya chungwa iliyoiva. Kichwani pana majani na vikonyo vya chuma cha kusubu. Tangu utotoni nilidhani ni mabonge tu ya mapambo yasiyo na umbo. Kumbe umbo lilikuwepo, limezikwa na rangi.

Nilitaka kukifikisha kwenye chuma kitupu, kisha nikipake upya, kiwe kitanda cha binti yangu. Kazi imenichukua siku nne, na sehemu kubwa nimeifanya kwa dawa ya jeli ya kutoa rangi, ile iliyotengenezwa kwa alkoholi ya benzili. Kabla ya kuinunua nilimtafuta mtu aliyewahi kuitumia kwenye chuma chenye mapambo, nikamkosa. Wote niliowauliza waliitumia kwenye mbao. Ndiyo maana nayaandika haya.

Kwanza ile rangi ya chungwa. Kwa miaka mingi chuma kilikuwa kikianza kupakwa praima ya risasi nyekundu, yaani oksidi ya madini ya risasi, kwa kuwa ilizuia kutu vizuri mno. Rangi yake ni hiyohiyo. Marekani ilipiga marufuku rangi zenye risasi kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na nchi nyingine zina tarehe zao, lakini sheria haibandui rangi iliyokwisha kupakwa. Nilinunua vijiti vya kupimia risasi. Nilichagua aina inayogeuka nyeusi, kwa sababu ile inayogeuka waridi ingenichanganya juu ya rangi ya chungwa. Nikasugua pale nilipokwangua, na ncha ya kijiti ikaingia weusi mbele ya macho yangu.

Nilikaa chini. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Na mimi asubuhi ile nilikuwa nimeshatoa msasa namba 80, nimeuweka tayari pembeni. Ningeanza kusugua, vumbi lingeenea nyumba nzima, sakafuni anapocheza mtoto. Nakuomba sana, kama kitu chako ni cha zamani na hujui kilipakwa nini, kipime kabla hujakigusa kwa msasa. Barakoa ya kawaida ya vumbi haitoshi kwa kazi ya namna hiyo, na mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi huyarudisha hewani yale yaliyo laini zaidi.

Basi msasa mkavu ukatoka, na grenda ikatoka. Grenda ninayo, na kwenye geti tambarare lisilo na rangi ya risasi sioni kinachoishinda ile brashi ya waya yenye umbo la kikombe: dakika chache na chuma kinang'aa. Lakini inarusha vumbi kila upande, nyuzi za waya hukatika na kuruka kama sindano (miwani ya kinga hapo si hiari), na kwenye majani na vikonyo haiingii. Ingelamba migongo ya majani tu na kuacha rangi yote mabondeni.

Mashine ya kupuliza hewa ya moto nayo niliifikiria. Kwenye mbao ni nzuri. Chuma hulifukuza joto: unapuliza hapa, joto linakimbilia kule, rangi inalainika taratibu huku mkono umechoka. Na juu ya risasi, joto likizidi hutoa mvuke wa sumu. Kanuni za Marekani kwa mafundi wanaokarabati nyumba zenye rangi hiyo zinakataza hewa ya moto kuanzia takriban nyuzi 593 za Selsiasi. Mashine yangu haina hata kipimo cha joto. Sikuthubutu.

Ikabaki dawa. Mafundi wa siku nyingi watakwambia dawa za sasa hazina nguvu kama za zamani, na wanasema kweli. Zile za zamani zilitegemea diklorometheni, ambayo huchemka kwenye nyuzi 40 tu, hivyo ndani ya chumba hugeuka mvuke upesi sana. Rangi inakunjamana ndani ya dakika chache. Lakini mvuke huo ukiuvuta, mwili huugeuza kuwa monoksidi ya kaboni, gesi ileile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Mafundi wamekufa wakibandua rangi ya mabafu kwa dawa hiyo. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2009 kuiondoa mikononi mwa wanunuzi wa kawaida, na Marekani ikakataza kuiuza kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2019. Alkoholi ya benzili huchemka kwenye nyuzi 205, kwa hiyo inatulia juu ya rangi badala ya kukimbilia puani. Gharama yake ni muda. Anayekuahidi dakika kumi na tano kwa dawa ya aina hii anakudanganya.

Nilikiweka kitanda nje, kivulini, juu ya plastiki nene iliyokunjwa kingo ili chochote kisitiririke ardhini. Glavu za butili, miwani, nguo ndefu. Jeli ni nzito kama mafuta ya kupaka ya mgando, haina rangi, na harufu yake ni hafifu. Uzito huo ndio ulionifanya niipende kuliko dawa za maji, kwa sababu miguu ya kitanda imesimama wima na jeli haikuteremka. Niliipaka kwa brashi, unene wa milimita mbili hadi tatu, kwa kuigandisha mahali pake badala ya kuipigapiga kama rangi. Ukiipitisha brashi mara nyingi unaifanya nyembamba, na ikiwa nyembamba inakauka kabla haijafanya kazi. Kisha nikafunika kila kitu kwa ile plastiki laini ya kufunikia vyombo, nikaibonyeza ishike.

Nusu saa, hakuna kitu. Saa nzima, hakuna kitu, na hapo nilianza kujuta. Kwenye saa ya pili nikaona uso mweupe umeanza kuota makunyanzi kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Nikajizuia. Niliiacha mpaka asubuhi, kama saa kumi na nne hivi.

Asubuhi nilifunua plastiki kwenye mguu wa kwanza, nikaingiza skrepa ya plastiki chini ya ukingo, nikasukuma. Rangi ilitoka kwa ukanda mmoja mrefu, tabaka nne kwa pamoja, laini na mbichi, kama ganda la nyoka aliyejivua. Ubavuni mwa ule ukanda ungeweza kuzihesabu: nyeupe, krimu, buluu, kijani. Sikusikia mkwaruzo wala kuona vumbi. Nilimwita mke wangu aje aone.

Rangi ya chungwa ilibaki karibu yote. Hiyo ilidai mpako wa pili, saa tano nyingine, na hapo ikalainika vya kutosha kukwanguliwa ingali mbichi. Kona moja ya chini plastiki iliachia usiku bila mimi kujua. Jeli ilikauka, na rangi iliyokuwa imelainika ikaganda upya, ngumu kuliko mwanzo. Nilijaribu kuikwangua kwa nguvu, nikachuna chuma. Dawa yake ilikuwa kupaka jeli mpya juu ya ile kavu na kungoja tena, ilirudi kulainika. Kwa hiyo gandisha kingo za plastiki kwa utepe, usitegemee kwamba zitashika zenyewe.

Mapambo yalikula siku mbili nzima, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Skrepa haina kazi kati ya majani. Mswaki mgumu ulisaidia kwenye mabonde mapana. Kwenye vikonyo vilivyosukana nilipitisha kamba ya katani, nikaivuta huku na huku kama msumeno, na kamba ikajaa rangi, nikageuzia sehemu safi. Kwa mishipa ya majani nilichonga vijiti vya mianzi. Mwanzi ni mgumu wa kutosha kutoa rangi iliyolainika na haukwaruzi chuma. Kuna jani moja, la tatu kutoka kushoto, nililikalia karibu saa nzima. Mshipa wake wa kati ulipojitokeza, mwembamba kama uzi, na ukingo wake umejikunja kidogo kama jani la kweli lililopigwa na jua, niliacha kufanya kazi nikalitazama tu.

Baada ya kubandua lazima mabaki ya dawa yatoke, la sivyo rangi mpya haitashika. Maelezo ya kopo yanasema osha kwa maji na sabuni. Nilifanya hivyo kwenye mguu wa kwanza, na kabla ya saa kuisha ukawa na utando wa kutu ya njano kila mahali. Chuma kitupu hakisubiri. Sehemu zilizobaki nilizifuta kwa vitambaa vilivyolowa spiriti, mara mbili, mbali kabisa na moto wowote, kisha nikapaka praima ya fosfeti ya zinki siku hiyohiyo. Ningekuwa mtengenezaji ningeandika onyo hilo la kutu kwa herufi kubwa kwenye kopo. Ni kasoro ya kweli ya maelezo yao.

Takataka zote, yaani makapi, vitambaa na plastiki, niliziweka kwenye ndoo yenye mfuniko ili zipelekwe panapopokelewa taka za sumu. Risasi haipotei kwa kulainishwa. Imehama tu kutoka juu ya chuma kwenda kwenye uchafu. Usiimwage kwenye mtaro.

Skrubu na vifundo vidogo sikuvipotezea jeli. Nilivitia kwenye sufuria kuukuu ambayo haitaingia jikoni tena, maji na soda ya kuoka, vijiko viwili kwa lita, nikaviweka nje kwenye moto mdogo kwa nusu saa. Rangi iliteleza yenyewe. Usije ukaweka kostiki soda badala yake kwa sababu tu ina nguvu zaidi. Miaka ya nyuma niliwahi kuitumia kwenye kitasa cha alumini: kilianza kutoa mapovu, kikageuka cheusi chenye mashimo, nikakitupa. Kostiki huila alumini na huila zinki ya mabati, na mapovu yale ni haidrojeni, gesi inayowaka.

Kuhusu jeli yenyewe, nitainunua tena bila kusita kwa chuma cha zamani chenye mapambo, na hasa chenye risasi. Kwa rangi ya mafuta ya kawaida inafanya kile inachoahidi. Kopo la lita moja lilimalizikia kwenye kichwa cha kitanda na miguu miwili, kwa hiyo kadiria mara mbili ya unavyodhani. Baridi inaipunguza kasi sana. Usiku mmoja wa baridi ulinidai karibu saa sita za ziada. Nilijaribu pia mabaki yake kwenye kiti cha kisasa kilichopakwa rangi ya unga, ile inayookwa kiwandani, na baada ya siku nzima ilikuwa imetoa malengelenge machache tu. Kwa kiti kama hicho peleka kwa mwenye mashine ya kupuliza mchanga. Nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye yale maelezo ya kuosha kwa maji.

Jambo moja sikulitarajia. Rangi ilipotoka kwenye matundu ambamo mataruma ya pembeni huingia, kila tundu lilikuwa na namba iliyosubiwa ndani ya chuma, 1 mpaka 4, na namba zilezile kwenye ncha za mataruma. Tangu nikumbuke, kitanda kile kililia kila mtu alipogeuka, na bibi alikuwa akisema ni uzee wa chuma. Ncha namba 2 ilikuwa imechomekwa kwenye tundu namba 3. Nimekiunga upya kwa kufuata namba, nimekalia ukingo wake, nimegeuka huku na huku. Hakilii tena.