Kiti cha pweza wangu amekufa, na swali langu lilikuwa moja tu

Nilijiambia ningoje hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, basi naandika nayo.

Hawa wauzaji wa viumbe wa tangi la maji ya chumvi si wageni kwangu. Konokono wangu wengi wametoka kwao, na matumbawe kadhaa pia. Kufunga mzigo wanajua: mfuko ndani ya mfuko, boksi lenye kuta nene, hakuna hata tone lililovuja. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani nimekuja kuwachafulia jina.

Safari hii niliagiza Linckia, kiti cha pweza wa buluu, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota, pamoja na kipande kidogo cha matumbawe. Aliyewahi kumfuga Linckia anajua si kiumbe wa kujaribia. Niliacha tangi likomae zaidi ya mwaka, mawe yakashika utando wa kumlisha, ndipo nikathubutu.

Ndani ya boksi mlikuwa na kadi ya maelekezo. Elesha mfuko juu ya maji ya tangi dakika 15, fungua, mtie kiumbe, maji ya mfuko mwaga. Basi. Hakuna neno hata moja kuhusu chumvi. Nikawapigia simu mfuko ukiwa bado unaelea, nikauliza: maji haya yana chumvi kiasi gani?

Aliyepokea alivuta pumzi kama niliyemwamsha usingizini. "Bosi, hao ni wa baharini. Chumvi ni chumvi. Fuata kadi." Nikamwambia kipimo cha chumvi cha tangi langu kinasoma 1.026 na kiti cha pweza hapendi mruko wa chumvi. Akanijibu, "Kama unajua kuliko sisi, ungeenda kumvua mwenyewe." Akakata simu.

Sentensi hiyo nimelala nayo, nimeamka nayo.

Na kosa langu nalikubali, maana nilimfuata. Kadi yao haikuwa upuuzi mtupu. Mfuko uliokaa safarini siku nzima hujaa uchafu wa kiumbe mwenyewe, yaani amonia. Ukiwa umefungwa, hewa ukaa aliyoitoa hulainisha makali: asidi ya maji hupanda, na amonia hubaki katika hali isiyodhuru sana. Ukifungua tu, hewa ukaa inatoka, asidi inashuka, na ile amonia inageuka sumu kiumbe akiwa bado anaogelea humo. Kwa hiyo kumtoa haraka kuna maana. Lakini kuna maana pale tu maji ya mfuko na ya tangi yanapolingana chumvi! Ndiyo maana niliuliza. Ningejua hayalingani, ningetengeneza maji masafi yenye chumvi ya mfuko, nimtoe humo kwenye amonia, kisha nimdondoshee maji ya tangi kwa mpira mwembamba, tone kwa tone, hata saa kadhaa.

Nilimhamisha kwa kikombe, akiwa majini muda wote, asiguse hewa. Maji ya mfuko sikuyamwaga. Usiku nikayatia kwenye refraktomita, kile kipima chumvi: 1.019.

Samaki angeweza kuvumilia, kwa sababu mwili wake una namna ya kusawazisha chumvi. Kiti cha pweza hana. Maji ya mwilini mwake hufuata maji yaliyomzunguka, na mruko kama ule unamuumiza kutoka ndani.

Siku ya kwanza alipanda kioo, nikafurahi. Ya pili alikuwa chini, mkono mmoja umejikunja, vile vijimiguu vyake laini havishiki tena. Baadaye kikatokea kidonda cheupe karibu na ncha ya mkono huo, kama karatasi iliyolowa. Nilipomsogezea kikombe, mkondo mdogo tu wa maji ukaiondoa ncha yote, ikaelea. Rangi ya buluu ilikuwa bado inang'aa. Nikamtoa kabla hajachafua tangi zima.

Hapo nilikuwa nawapa nyota moja, na kama kungekuwa na sifuri ningeweka sifuri.

Kisha nikapiga tena, akapokea dada mwingine. Huyu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema wazi kwamba matangi yao ya samaki na ya viumbe hawa yanazungusha maji yaleyale, na chumvi huwekwa chini kwa ajili ya samaki. Akaniomba radhi, akasema ile kadi ataisemea. Sikuahidiwa fidia, wala sikuidai. Ukweli wenyewe ulinitosha, nikapandisha nyota ziwe tatu.

Wiki mbili baadaye nikaona kitu kwenye kile kipande cha matumbawe. Kijidude cha rangi ya hudhurungi, chenye kuonyesha ndani, kimetandaza mikono kama nywele. Nilipokisogelea kwa kijiti kikafyatuka ndani ya tundu. Aiptasia, anemoni mdogo anayevamia matangi. Kipande nilikuwa nimekichovya kwenye dawa ya iodini na kukikagua kwa kioo cha kukuza. Minyoo bapa miwili ilidondoka nikajiona nimemaliza kazi. Mdandiaji mwenyewe alikuwa tunduni, amejikunja ananisubiri. Kumkwangua ni kumzalisha, kwani kila chembe ya mguu wake inayobaki huota mwingine. Nimemchoma sindano ya uji mzito wa chokaa, na kipande nimekitenga kwenye ndoo.

Kwa haki, wadandiaji huja na mzigo wa muuzaji yeyote, na kutenga kila kitu kipya ni kazi yangu mimi. Najua. Ila nikimfikiria aiptasia huyo alivyokuwa mzima, amenona, namkumbuka Linckia, na ile sauti ya "chumvi ni chumvi" inarudi masikioni. Nimeshusha mpaka mbili.

Konokono wao bado wazima, hilo siwezi kulificha. Nikiagiza tena, na huenda nikaagiza, simu nitaomba apewe yule dada, na sitafungua mfuko mpaka aniambie namba.