Linki za stebilaiza za 555 kwenye Spacio: kelele zimekwisha, shokapu zimebaki zilezile

Linki hizi za 555, chapa ya Japani, nimezifunga mwenyewe nyumbani Goba, Dar es Salaam, kwenye Toyota Spacio new model ya 2003, chesesi NZE121. Zimepita msimu mzima wa masika kwenye barabara zetu za ndani, zile ambazo maji yakishapita zinabaki mashimo matupu, na mbele ya gari kuko kimya. Nazisifia bila wasiwasi. Ila linki nzuri haina faida ukiifunga kwenye gari yenye ugonjwa mwingine, kwa hiyo nianze na namna nilivyoujua ugonjwa wenyewe.

Gari ilikuwa inagonga mbele kushoto. Nikitembea polepole kwenye vumbi lenye vijishimo, inalia ko, ko-ko, kama kuna spana imesahaulika huko chini. Nikiingia lami, kimya. Gereji ya kwanza niliyoipeleka, fundi alizunguka nayo mtaa mmoja akarudi na jibu kamili: "Dada, shokapu zote mbili za mbele zimekufa." Hakuinua gari wala hakuingiza mkono popote. Nilimshukuru nikaondoka nayo, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo jibu lake halikulieleza. Kwenye tuta, lile linalokata barabara nzima, gari yangu haikuwa inalia kabisa, na ilikuwa inatulia mara moja baada ya kushuka. Shokapu iliyokufa ingejionyesha hapohapo kwa gari kudundadunda.

Stebilaiza ni chuma kirefu kinachokatiza chini ya gari, kutoka upande wa kushoto hadi wa kulia. Kila ncha yake inaunganishwa na shokapu kwa linki, yaani kijiti kifupi chenye boljointi ndogo (kiungo cha kichwa cha duara kinachogeuka ndani ya kikombe chake) juu na chini. Tairi zote mbili zikipanda tuta kwa pamoja, chuma hicho kinajizungusha tu kwenye bushi zake, ile mipira inayokishikilia kwenye gari, na linki hazipati kazi kubwa. Tairi moja ikizama shimoni na nyingine ikabaki juu, chuma kinajipinda, na nguvu yote ya kujipinda inapita kwenye linki. Ndiyo maana gari inayogonga kwenye mashimo ya upande mmoja na kunyamaza kwenye tuta, wa kushukiwa kwanza ni linki, halafu bushi za stebilaiza.

Nilizipima shokapu kwanza, nisije nikamwonea fundi. Nilikandamiza kona ya boneti kwa uzito wangu wote nikaachia: ikapanda, ikatulia. Hakukuwa na mafuta yaliyovuja kwenye mwili wa shokapu. Nikainua gurudumu nikalishika juu na chini, nikalisukuma na kulivuta. Boljointi ya chini, ile kubwa inayobeba gurudumu, imara. Nikalishika kushoto na kulia. Tairodi, fimbo inayogeuza tairi ukikata usukani, nayo imara.

Sasa linki, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukiinua upande mmoja tu kwa jeki, chuma cha stebilaiza kinakuwa kimejipinda na kinaikaza linki, hivyo hata ikiwa imechoka utaishika na kuiona iko sawa. Lazima tairi zote za mbele ziwe chini, au zote ziwe juu. Niliacha gari chini kwenye sakafu tambarare, nikakata usukani mpaka mwisho ili mkono upite nyuma ya tairi, nikaishika linki ya kushoto. Mdogo wangu akalitikisa bodi kutoka ubavuni. Niliusikia mgongano kwenye vidole kabla ya masikio: tak, tak, kwenye boljointi ya chini. Mpira wake wa kuzuia vumbi ulikuwa umechanika, grisi yote imegeuka tope kavu. Ya kulia ilikuwa na ulegevu kidogo tu, lakini hizi hubadilishwa kwa jozi.

Nilizifungua zote mbili, nikaziweka kwenye mkoba nikapanda daladala kwenda Kariakoo, maduka ya spea ya Gerezani. Kwenda na kitu chenyewe mkononi kunaokoa maneno mengi. Linki za gari hizi hutofautiana urefu na pembe ya vichwa, na neno "Spacio" peke yake halimtoshi muuzaji. Mpe namba ya chesesi na umwekee ya zamani mezani. Muuzaji alinitolea aina tatu: ya mtumba, mpya ya bei ya chini isiyo na jina la maana, na 555 ya Japani. Ile ya bei ya chini ilikuwa shilingi 12,000, na 555 ilikuwa 35,000 kwa moja. Niliomba nizishike zote. Kwenye ile ya bei ya chini kichwa cha boljointi kililala chenyewe nilipoigeuza, ikiwa ndiyo kwanza imetoka kwenye mfuko. Ya 555 ilinibidi niisukume kwa kidole gumba, na ikabaki pale nilipoiacha. Mpira wake ni mnene na umebanwa vizuri kwenye shingo. Kwangu hilo lilimaliza mjadala. Ya mtumba sikuihesabu, maana unanunua uchakavu wa mtu mwingine.

Angalizo: jina hili linaigwa sana. Usiridhike na boksi. Toa linki, tazama maandishi yaliyochapwa kwenye chuma, tazama usafi wa uzi wa nati, na jaribu ugumu wa kichwa kama nilivyofanya.

Kazi yenyewe inamalizika ndani ya asubuhi moja kama nati hazijaganda. Zangu zilikuwa na kutu, kwa hiyo usiku uliotangulia nilizisugua kwa brashi ya waya na kuzipulizia WD-40. Unahitaji spana namba 17 na alenki (ufunguo wa pembe sita) namba 6, kwa sababu ukizungusha nati peke yake kichwa chote cha boljointi kinazunguka nayo. Alenki inaingia kwenye tundu lililo katikati ya ncha yenye uzi ya boljointi na kuishikilia. Safisha tundu hilo kwa msumari mwembamba mpaka chini kabla ya kuingiza alenki. Pembe za tundu zikishaliwa, kinachobaki ni kuikata nati kwa grainda. Inua pande zote mbili, kaza breki ya mkono, zuia tairi za nyuma kwa mawe, na gari ikae kwenye stendi za chuma. Jeki ya mkasi inayokuja na gari ni ya kubadilishia tairi, haifai hata kidogo kumweka mtu chini yake. Pande zote zikiwa juu, chuma cha stebilaiza kinakaa huru na linki mpya inaingia kwenye tundu bila kupigwa nyundo.

Ukimaliza, mtu akikuambia uende alaimenti, yaani kunyoosha tairi, mwulize kwa nini. Linki haigusi mwelekeo wa tairi. Ungebadilisha tairodi, hapo sawa.

Kwa jozi nimetumia shilingi 70,000, na shokapu zangu bado zinafanya kazi yake. Kwa anayetumia lami tupu labda bei hiyo ni kubwa. Kwa njia zetu za Goba, Madale na Mbezi ndani, naona inastahili. Kama gari yako inagonga hata kwenye tuta, au inalia ukikanyaga breki, usinunue hizi kwanza. Anza na bushi za wishibon, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, na boljointi ya chini.