Etymonline: ukiingia kutafuta "soon" ujue hutoki mapema

Jamani kwa wale wanaofundisha au kutafsiri kingereza, hii kamusi ya asili za maneno ya Douglas Harper, yule jamaa wa Pennsylvania, naipa nyota nne kati ya tano. Kutafuta ni bure, unaandika neno tu linakuja na ukoo wake wote.

Chukua soon. Shuleni tulikaririshwa "hivi karibuni" basi imeisha. Kumbe kwenye kingereza cha kale lilikuwa sona na maana yake ni papo hapo, saa ile ile! Watu wakawa wanalisema huku wanachelewa, wanalisema huku wanachelewa, mpaka likalegea lenyewe. Yaani konda wa stendi na "tunaondoka sasa hivi" yake wakati gari ina watu wanne, ila wenzetu walianza zaidi ya miaka 700 iliyopita. Na halijalegea peke yake, ukiendelea kubonyeza unakuta anon, lililotokana na on an yaani kama "ndani ya moja", nalo lilianza na mara moja likaishia kuwa baadae kidogo, presently hivyo hivyo, na by and by ndo kali kuliko zote: Biblia ya King James ya 1611, Marko 6:25, yule binti anataka kichwa cha Yohana by and by, ukisoma na kingereza cha leo utadhani hana haraka, kumbe alikitaka hapo hapo karamuni.

Nyota moja nimeibana sababu maelezo ni kingereza tupu tena kizito, mwanafunzi wa kidato cha pili akikutana na vile vinyota mbele ya maneno (maana yake neno limekisiwa na wataalamu, halijakutwa limeandikwa popote) anaweka simu chini. Halafu miaka wanayoandika ni ya maandishi ya zamani zaidi yaliyopatikana, mdomoni watu walishaanza kabla. Na usitegemee ikufundishe matumizi, wenyewe wanasema wazi kuwa asili ya neno sio maana yake ya leo, so ukimwambia bosi soon ukimaanisha sona shauri yako.

App ipo, ila mimi natumia brauza tu, kurasa nyingi ni maandishi hazili bando.